Baruti ya machimbo na ukuta wa nyumba yako: mwongozo kwa majirani wa mawe ya chokaa, Tanga

Kwa shangazi yangu vikombe ndivyo hutangulia. Vimepangwa kwenye kabati la vioo sebuleni, na siku ya baruti hugongana kidogo kama meno ya mtu mwenye homa. Kisha kinapita kimya cha kuvuta pumzi moja, ndipo mshindo unafika na madirisha yanatikisika. Mtaani kwetu wengi huviita vyote viwili "mtikisiko". Ni vitu viwili, vimepita njia mbili, na anayevichanganya hupeleka malalamiko yake mahali pasipo na jibu.

Nimekulia kwenye ukanda huu wa mawe ya chokaa unaozunguka mji wa Tanga, huku Pongwe, kule Maweni na Kiomoni, mpaka Amboni kwenye mapango. Mawe haya ndiyo saruji, ndiyo chokaa, ndiyo kokoto ya barabara, na yataendelea kupasuliwa. Nimewahi kufanya kibarua cha kuchoronga mashimo ya baruti, kisha nikamsaidia fundi aliyepima mitikisiko, nikimbebea mtambo na kuushindilia ardhini. Jioni nilirudi nyumbani, nikawa jirani kama majirani wengine, mwenye nyufa zake ukutani.

Mwaka mmoja tulikwenda watu kumi na wanne kulalamika katika ofisi ya machimbo fulani. Tulisema nyumba zetu zinapasuka. Aliyetupokea alitukaribisha vizuri, akatupa viti, akauliza swali moja tu: "Ufa huu mmeuona tangu lini?" Huyu akasema mwaka jana, yule akasema tangu ile mvua kubwa, mwingine akanyamaza. Tukarudi mikono mitupu. Kati ya nyumba zile ziko mbili ambazo mpaka leo naamini zilistahili kutengenezewa, na hazikutengenezwa kwa sababu hatukuwa na tarehe wala kipimo. Ndiyo maana naandika: ushahidi wa nyumba unakusanywa kabla baruti haijalia.

Vifaa ni vichache. Kaunta buku moja, penseli, rula ya shule inayoonyesha milimita, tepu ya fundi, simu yenye kamera na tochi, vipande vyembamba vya kioo (fundi wa madirisha atakupa mabaki bure), na plasta ya Paris kidogo. Mwenye kisima aongeze kamba yenye jiwe.

Hatua ya 1: Tenganisha ardhi na hewa

Baruti ikiwaka ndani ya shimo hugeuka gesi kwa kufumba na kufumbua, ikapasua mwamba na kuusukuma mbele. Nguvu ambayo haikutumika kupasua huondoka kama mawimbi ndani ya ardhi. Nyingine hutoka hewani, na ndiyo mshindo unaousikia. Kwenye mwamba mgumu wa chokaa mawimbi ya ardhini hukimbia kilomita kadhaa kwa sekunde moja. Hewani ni kama mita 340 tu kwa sekunde. Ndiyo maana vikombe vya shangazi vinatangulia.

Fanya hivi siku ya mlipuko. Kaa sakafuni, mgongo ukutani, simu mkononi ikiwa kwenye saa ya kuhesabu sekunde. Bonyeza unapohisi mtikisiko wa kwanza mwilini, bonyeza tena mshindo ukifika. Zidisha sekunde hizo kwa 340, utapata umbali wa kukadiria mpaka machimboni. Sekunde mbili ni karibu mita 680. Hilo ni jambo dogo, lakini lina faida ya pili kubwa zaidi: utajua kilichotikisa dirisha lako kilikuja kwa njia ipi. Kama vioo na mabati vililia wakati wa mshindo, ni hewa. Kama sakafu ilisogea kabla ya sauti, ni ardhi.

Upepo nao ni shahidi mzuri. Mtikisiko wa ardhini haujui kaskazi wala kusi, lakini mshindo wa hewani unajua sana. Nyumba iliyo kusini-magharibi mwa machimbo husikia makubwa zaidi upepo wa kaskazi unapovuma, Desemba mpaka Machi, na hupumzika kusi ikiingia. Ukiona kwenye daftari lako kwamba "mtikisiko" wako unafuata upepo, basi unapambana na hewa, na dawa yake ni nyingine kabisa. Asubuhi mapema nako kuna jambo: hewa ya chini ikiwa bado baridi na ya juu yake ina joto, sauti hurudishwa chini na kufika mbali. Mlipuaji mzuri hungoja jua lipande.

Mahali unapokaa kuna maana pia. Walio mbele ya ukuta wa mwamba unaopasuliwa hupata mshindo zaidi. Walio nyuma yake hupata mtikisiko wa ardhini zaidi.

Hatua ya 2: Piga picha nyumba nzima, hata palipo pazima

Hapa ndipo watu huteleza. Hupiga picha ya ufa peke yake, kwa karibu, ukutani pasipojulikana ni wapi. Picha kama hiyo haimsaidii mtu. Anza nje, kona ya mashariki, zunguka nyumba ukipiga kila ukuta mzima. Kisha ingia ndani chumba kwa chumba: kuta nne, dari, sakafu. Ukuta usio na ufa upige pia, kwa maana ufa ukitokea kesho, picha ya leo ndiyo itakayosema haukuwepo. Ndipo urudi kwenye kila ufa na kupiga picha mbili, moja kwa mbali iliyo na mlango au dirisha ndani yake ili mtu ajue mahali, nyingine kwa karibu rula ikiwa imelala kando ya ufa.

Kwenye daftari upe kila ufa namba. Andika chumba, ukuta, urefu, upana mahali palipo papana kuliko pote, na umbo lake. Mwisho wa ufa, pale unapokufa, weka kistari cha penseli na tarehe ndogo kando yake. Hicho kistari kina nguvu kuliko maneno ya kikao kizima. Ufa ukirefuka, utakivuka, na kila mtu ataona.

Mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa asaini ukurasa huo siku hiyo hiyo. Machimbo makini huwa na utaratibu wa kukagua nyumba za jirani kabla ya kuanza au kabla ya kusogea karibu. Wakija, wakaribishe, tembea nao, na omba nakala ya kila walichoandika. Wasipokuja, kazi yako imeshafanyika.

Hatua ya 3: Usome ufa kabla ya kuulaumu

Chukua tochi, ilaze karibu na ukuta ili mwanga upite kando, uangalie kingo. Ufa wa jana una kingo kali na ndani mwake ni kweupe au ni rangi ya saruji mbichi. Ufa wa zamani umeingia vumbi, kingo zimelainika, mara nyingi utaona rangi ya ukuta imetiririka ndani yake, au buibui ameshajenga. Mahali rangi ilipopakwa juu ya ufa na ufa ukapasua tena rangi ile, hapo una ufa wa zamani uliofufuka, na hiyo ndiyo hali ninayoiona mara nyingi zaidi kuliko ufa mpya kabisa.

Nyufa nyembamba zilizosambaa kwenye plasta kama ramani ni za saruji iliyokauka haraka, maji hayakumwagiliwa ya kutosha. Ufa ulionyooka juu kabisa, ukuta unapokutana na mbao za paa, mara nyingi ni wa joto la mabati. Ufa unaopanda kama ngazi kwenye maungio ya matofali, mpana juu na mwembamba chini, ni msingi uliokaa upande mmoja. Hapa kwetu kuna mifuko ya udongo wa mfinyanzi juu ya mawe, nao huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Jikoni kwa shangazi upo ufa unaofunguka kila Februari na kufunga Mei. Tuliupima miaka miwili mfululizo. Tuliufuta kwenye orodha ya madai kwa mkono wetu wenyewe, na shangazi hakupenda. "Mwanangu, nawe uko upande wao?" aliniuliza. Nikamwambia, shangazi, tukiwapelekea ufa mmoja wa uongo, watatukatalia na nyufa tano za kweli.

Ufa wa kushuku baruti hukaa wapi? Kwenye pembe za milango na madirisha, unatoka pembeni kwa mshazari. Au kuta zinapasuka kwa umbo la msalaba uliolala, kama herufi X, kwa sababu ukuta ulivutwa huku na huku. Na zaidi ya umbo, ni tarehe: ufa ulikuwa umesimama kwenye kistari Jumanne asubuhi, Jumanne jioni umekivuka. Umbo peke yake halitoshi, simamia tarehe.

Hatua ya 4: Kioo juu ya ufa

Hii nilifundishwa na yule fundi, na sijaona njia ya bei nafuu iliyo bora zaidi. Kata kioo chembamba, urefu wa kidole, upana wa vidole viwili. Kwangua rangi pande zote mbili za ufa mpaka ufike kwenye plasta ngumu, futa vumbi kwa kitambaa kibichi. Koroga plasta ya Paris iwe nzito kama uji wa mtoto, weka donge dogo kila upande wa ufa, bandika kioo kikiwa kimevuka ufa, usiguse kwa siku moja. Andika tarehe kwenye donge kwa msumari kabla halijakauka.

Kioo hakinyumbuliki. Ukuta ukifunguka hata kidogo, kioo kinakatika au donge linabanduka. Weka viwili au vitatu kwenye nyufa tofauti, kimoja kwenye ule unaodhani ni wa udongo, ili uwe na cha kulinganisha. Vitazame kila asubuhi na kila baada ya mlipuko. Kioo kilichokatika usiku ambao hapakuwa na baruti nacho kiandike. Usikifiche.

Hatua ya 5: Daftari la milipuko

Kila mlipuko mstari mmoja: tarehe, saa na dakika, king'ora kililia au hakikulia, sekunde kati ya mtikisiko na mshindo, upepo unatoka wapi, rangi ya moshi, mawe yaliruka au la, vioo viko vipi, nani alikuwepo. Andika pia siku ambazo mlipuko ulikuwa mwepesi. Daftari lenye siku mbaya tu huonekana limeandikwa kwa hasira.

Moshi wa rangi ya chungwa au kahawia unaashiria baruti haikuungua sawasawa, na hewa hiyo ina gesi za naitrojeni zinazounguza mapafu. Watoto ndani, ondokeni upande unaoelekewa na moshi. Na jiwe likiruka mpaka kwenye makazi, hapo hatuzungumzi tena habari ya nyufa. Hilo ni hatari ya kuua, piga simu kwa uongozi wa mtaa na polisi siku hiyo hiyo, jiwe liachwe lilipoangukia mpaka lipigwe picha na kupimwa.

Waya za rangi, mirija myembamba ya plastiki, au fataki (kiwashio kidogo kinacholipua baruti) iliyobaki machimboni, mtoto asiziokote hata kama zimeonekana zimeungua. Machimbo ya wazi hayana ukuta, na watoto wetu hupita na mbuzi.

Hatua ya 6: Jifunze hesabu moja

Watu huogopa jumla ya baruti. "Wamelipua tani moja na nusu leo!" Jumla haitikisi nyumba. Kinachotikisa ni kilo zinazolipuka kwa mpigo mmoja. Mashimo ya machimbo makubwa hayalipuki pamoja. Kila shimo hungoja la mwenzake kwa milisekunde chache, kwa fataki za kuchelewesha. Kwa desturi ya fani hii, baruti yote inayowaka ndani ya milisekunde 8 huhesabiwa mpigo mmoja.

Chukua shimo la kipenyo cha milimita 89, kina mita 10, mita mbili na nusu za juu zimejazwa kokoto ya kuziba. Baruti inayotumika sana ni mbolea ya amonia naitreti asilimia 94 iliyochanganywa na dizeli asilimia 6. Kwa kipenyo hicho huingia karibu kilo 5 kila mita, kwa hiyo shimo lote ni kama kilo 38. Mashimo 40 ni kilo 1,520. Sasa nyumba yako iko mita 300.

Tafuta kipeuo cha pili cha kilo za mpigo mmoja kwenye kikokotoo cha simu, halafu gawa umbali kwa jibu hilo. Kipeuo cha pili cha 38 ni 6.16, na 300 kwa 6.16 ni karibu 49. Namba hiyo ndiyo umbali uliopimwa kwa baruti. Ikiwa kubwa, afadhali. Ikiwa ndogo, wasiwasi. Sheria za Marekani kwa migodi ya makaa ya juu ya ardhi, pale ambapo mchimbaji hapimi kwa mtambo, humtaka asiwe chini ya 25 hivi kwa nyumba zilizo kati ya mita 90 na kilomita moja na nusu.

Kwa kukadiria mtikisiko wenyewe, wahandisi wa Australia hutumia kanuni ya wastani: 1,140 igawanywe kwa namba ile iliyopandishwa kwa kipeo cha 1.6. Kwa mfano wetu, shimo moja moja, unapata kama milimita 2.3 kwa sekunde. Kama mpangilio wa fataki umekosewa na mashimo mawili yakalia pamoja, ni karibu 4. Manne pamoja, karibu 7. Baruti ni ile ile, siku ni ile ile, umbali ni ule ule. Tofauti yote iko kwenye mikono ya anayepanga fataki. Hiki ndicho kitu ambacho ningependa kila mwenyekiti wa mtaa wa Tanga akijue, kwa sababu kinabadilisha ombi letu. Badala ya kusema "acheni kulipua", ombi ambalo hatupati, tunasema "punguzeni kilo za mpigo mmoja", ombi ambalo linawezekana kesho: mashimo membamba zaidi, shimo moja kugawanywa vipande viwili vilivyotenganishwa kwa kokoto na kulipuliwa kwa nyakati tofauti, au fataki za kielektroniki zisizokosea muda.

Kadirio ni kadirio. Mawe yetu ya chokaa yana mapango na nyufa ndefu chini kwa chini, aliyefika Amboni anaelewa nasema nini. Nyumba mbili zilizo umbali sawa zinaweza kupata mitikisiko tofauti kabisa, moja iko juu ya mwamba mtupu, nyingine juu ya udongo mzito unaofanya wimbi liende polepole na kuyumbisha zaidi. Kwa hiyo mwisho wa yote ni kupima.

Hatua ya 7: Mtambo ukija nyumbani kwako

Saismografu ya milipuko, yaani mtambo wa kupima mitikisiko, ina kopo la geofoni (kihisi cha ardhini) lenye vipimo vitatu ndani yake, cha mbele-nyuma, cha kushoto-kulia na cha juu-chini, pamoja na maikrofoni ya mshindo. Yeyote aliyeuleta, simama uangalie mambo haya.

Geofoni iwe nje, kwenye ardhi, upande wa nyumba unaotazama machimbo, isizidi mita 3 kutoka ukutani. Ikiwekwa sakafuni ndani, juu ya meza, au kwenye ngazi ya saruji iliyolegea, haipimi ardhi. Bora ifukiwe na udongo ushindiliwe kwa mguu. Ikiwa imekaa juu ya nyasi, imeegemea tu, inarukaruka na kutoa namba za uongo, kubwa au ndogo. Mshale wa juu yake uelekee mlipuko. Piga picha ikiwa imekaa, na saa ya mtambo ilinganishwe na saa ya simu yako.

Programu za simu zinazodai kupima tetemeko au sauti zisikudanganye. Sehemu kubwa ya mshindo wa baruti iko chini ya sauti inayosikika, na maikrofoni ya simu haiioni.

Hatua ya 8: Kusoma karatasi

Tafuta herufi PPV. Ni kasi ya juu kabisa ambayo chembe ya ardhi ilisogea nayo, kwa milimita kwa sekunde. Kando yake kuna Hz, idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Usikubali kuonyeshwa ya kwanza bila ya pili. Nyumba za ghorofa moja au mbili huyumba zenyewe kati ya Hz 4 na 12 hivi. Wimbi likija na mdundo huo huo, nyumba hucheza nalo, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kwa wakati wake. Mitikisiko ya Hz 50 hupita kwa haraka, nyumba haiwahi kuitikia.

Wajerumani, kwa nyumba za kuishi, huanza kuwa na wasiwasi kwenye milimita 5 kwa sekunde chini ya Hz 10, na 3 kwa majengo dhaifu au ya kale. Ofisi ya Migodi ya Marekani mwaka 1980 ilipendekeza 12.7 kwa nyumba za plasta ya zamani na 19 kwa nyumba mpya zaidi kwa midundo ya chini, na 50.8 juu ya Hz 40. Jirani zetu Kenya, kwa kanuni zao za mwaka 2009, wanaweka sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa eneo, yaani 5 kama ya Wajerumani. Kwa mshindo wa hewa Wamarekani husimamia desibeli 133.

Nyumba zilizopimwa huko si nyumba zetu. Hakuna hata moja ya miti na udongo, wala ya matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo bila lenta. Kwangu mimi nyumba za namna hiyo, na kuta za matumbawe za mababu zetu pwani, zihesabiwe na majengo dhaifu, kiwango cha 3. Ombeni hivyo kwa maandishi.

Na jambo la kuwaambia majirani wenye hofu: mwili wa binadamu huhisi mtikisiko wa nusu milimita kwa sekunde. Mlango ukibamizwa, ukuta hupata msukosuko unaolingana na 12 hivi. Unaweza kuogopa kwa haki na nyumba ikawa salama. Kuamshwa mtoto mchanga na kupandishwa presha kwa mzee ni malalamiko halali peke yake, yaandikwe kwa jina lake, bila kuyavisha nguo za nyufa.

Wenye visima wapime kina cha maji kwa kamba kabla na baada, na wateke chupa moja ya kioo. Maji kuchafuka kwa siku moja mbili hutokea. Kina kikishuka na kisirudi, andika.

Hatua ya 9: Peleka panapostahili

Anza kwa machimbo yenyewe, kwa barua, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Ambatisha ukurasa wa nyufa, picha zenye tarehe, orodha ya milipuko. Uliza mambo matatu: kilo za mpigo mmoja siku hiyo, karatasi ya saismografu, na saa za ulipuaji za mwezi ujao. Nakala kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata.

Wasipojibu, nenda kwa Afisa Madini Mkazi, ambaye ni mkono wa Tume ya Madini mkoani. Baruti nchini inasimamiwa na Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na anayelipua lazima awe na kibali. Upande wa kelele na mitikisiko ni chombo cha taifa cha kusimamia mazingira (NEMC), chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za mwaka 2015 za kelele na mitetemo. Omba kuona mpango wa usimamizi wa mazingira wa machimbo hayo: mara nyingi ahadi za kupima mitikisiko zimeandikwa humo na hakuna jirani aliyewahi kuzisoma. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haimruhusu mwenye leseni kufanya kazi zake ndani ya mita 200 za nyumba inayokaliwa bila ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali. Pimeni kwa tepu, au kwa ramani ya simu, kutoka ukuta wa nyumba. Na usisaini karatasi yoyote ya ridhaa sebuleni kwako usiku, bila kuisoma mchana mbele ya mtu mwingine.

Nendeni mkiwa wachache wenye madaftari. Watu wanne wenye tarehe zinazofanana, kila mmoja kwa mwandiko wake, hawana mtu wa kuwauliza "tangu lini".

Ufa usizibwe wala kupakwa rangi mpaka jibu la maandishi lifike. Likifika na kazi ikafanyika, bandika kioo kipya mahali pale pale juu ya plasta mpya, weka kistari na tarehe. Daftari likijaa, nakili vipimo vya mwisho vya kila ufa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, mjumbe asaini, na la zamani lifungwe kwenye mfuko wa plastiki, likae juu ya kabati mbali na mchwa.